Mlinzi wa Chini ya Meza

Mpwa wangu, nyinyi mliozaliwa mkaikuta intaneti mfukoni hamjui kwamba zamani ilikuwa mahali, na mahali penyewe palipandwa kwa ngazi. Pa kwetu palikuwa Kariakoo, ghorofa ya kwanza, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Kabla hujafika mlangoni ulikuwa umeshapita katikati ya harufu za ng'onda na dagaa zilizoletwa na upepo wa sokoni, za maandazi ya mama mmoja aliyekaanga chini ya ngazi tangu alfajiri, na za mkojo, maana wapiga debe hawakuwa na choo na ukuta wetu ulikuwa jirani yao wa karibu. Ndani kulinuka plastiki iliyopata moto na zulia lisilopigwa jua. Saa moja mbele ya mashine ilikuwa shilingi 1,000, nusu saa 500, wakati dola ilikuwa inakaribia shilingi 800. Kwa pesa ya saa moja ungekula wali maharage kwa mama ntilie siku mbili na ukabakiwa na ya kahawa. Watu walilipa. Walikuja na anwani za Hotmail na Yahoo zimeandikwa kwenye vipande vya karatasi za sigara, wakakaa wima mbele ya kioo kama wanaopigwa picha ya pasipoti.

Mwenye chumba alikuwa Mshihiri wa makamo, ndevu zimetiwa hina, ambaye baba yake aliuza buni na iliki katika duka la chini la jengo hilohilo. Yeye aliagiza kompyuta kumi za mtumba kutoka Dubai, akazipanga ukutani, akaweka kiti chake cha plastiki mbele ya feni na tasbihi mkononi. Sikuwahi kumwona akigusa kibodi. Mapokezi alikaa binti wa Ilala, mwembamba, mwenye macho makali na mwandiko mzuri kuliko wa mahakamani. Alikuwa na saa ya ukutani na daftari la shule. Humo aliandika namba ya mashine, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na hela iliyopokelewa. Mteja akirudishiwa hela kwa sababu mtandao umegoma, aliandika pia, kwa wino mwekundu, na saa yake. Likumbuke daftari hilo, maana lina kazi yake huko mbele.

Mimi nilikuwa fundi wa simu. Kazi niliijua katika Shirika la Posta na Simu, enzi ambazo serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini kwa amri ya mwaka 1974, na nilikuwapo shirika lilipogawanywa mwanzoni mwa 1994, posta ikaenda zake na simu zake. Kompyuta niliikuta ukubwani, nikaisoma kama nilivyosoma mitambo ya simu, kwa kuuliza nini kinawasha taa ipi. Mshihiri aliniita kwa sababu laini ilikuwa ya simu na modemu ilikuwa ya simu, na kwake hilo lilitosha kunifanya daktari wa kila kitu kilichokuwa mle chumbani.

Chini ya meza ya yule binti ndipo palipokuwa na roho ya biashara: sanduku moja lisilo na kifuniko, lisilo na kioo, feni ya mezani imeelekezwa tumboni mwake. Hiyo ndiyo seva. Iliendeshwa na Linux, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, na kompyuta zote kumi zilipitia humo kwenda duniani. Sasa hapa nisikilize vizuri. Katika mfumo endeshi wowote zipo programu unazoziona, zenye dirisha na vitufe, na zipo nyingine zinazofanya kazi chinichini bila sura. Huanzishwa mashine inapowaka na hutarajiwa kuwa hai mpaka mashine izimwe. Kwetu zilikuwa tatu muhimu. Moja, pppd, ilishika laini ya simu. Nyingine, named, ilitafuta namba za anwani. Ya tatu, Squid, iliweka nakala za kurasa kwenye diski, ili mtu wa pili akitaka ukurasa uleule usivutwe upya kutoka ng'ambo kwa laini ambayo, siku imeamka vizuri, ilipitisha kilobiti 33 kwa sekunde, na hizo tugawane kumi. Moja ya hizo ikifa, hakuna king'ora. Dalili pekee ni mteja kugeuza shingo na kusema, "Dada, hii kitu haifunguki."

Ndiyo maana tangu zamani waliotengeneza mifumo hii waliwawekea watumishi hawa wasioonekana mlinzi wa kuwatazama. Katika Linux ya wakati ule mlinzi wa kwanza alikuwa init, programu namba 1, mzazi wa nyingine zote. Ukiiandikia katika faili lake kwamba huduma fulani ikifa ifufuliwe, huifufua papo hapo. Tena ilikuwa na akili: ikiona imefufua kitu kilekile zaidi ya mara 10 ndani ya dakika 2, hukiacha kwa dakika 5 kwanza, kwa sababu kinachokufa kwa kasi hiyo hakihitaji kuinuliwa, kinahitaji kuangaliwa. Squid nayo ilikuja na skripti yake, RunCache, yenye tabia hiyohiyo ya kufufua na kukata tamaa. Juu ya hayo, kijana mmoja wa Mlimani aliyenitangulia alikuwa ameandika skripti yake mwenyewe, ikiamshwa kila baada ya dakika 5. Kijana huyo alishaondoka kwenda Canada, akatuachia urithi huo bila wasia. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa uandishi wake, ambao ulikuwa mfupi na wa haraka.

Skripti ile ilifanya hivi. Kila programu inapoanza hupewa namba na kiini cha mfumo, na Squid iliandika namba yake katika faili dogo kwenye folda yake. Mlinzi akaamka, akasoma namba, akauliza kiini, "Huyu yu hai?" Akijibiwa ndiyo, akarudi kulala. Akijibiwa hapana, akaiwasha Squid. Ukiisoma utaona haina kasoro. Lakini sisi tulikuwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam umeme hukatika.

Siku moja jioni ukakatika wakati chumba kimejaa. Jenereta ikavutwa kamba kule kibarazani, moshi wa petroli ukaingia kwa madirisha, mashine zikawaka, na hakuna kilichofunguka. Laini ilikuwa nzima, ninaisikia kwa masikio. Squid haikuwapo. Mlinzi anasema ipo. Nilikaa sakafuni na tochi, jasho linanitiririka, wateja wananitazama kwa macho ya watu walioacha daladala ziwapite. Nikafuata nyuzi moja moja. Umeme ulipokatika ghafla, Squid ilikufa bila kupata nafasi ya kufuta faili la namba yake, tuseme namba 214. Mashine inapowaka husafisha folda moja ya mfumo ambamo programu nyingi huweka mafaili hayo, ila Squid yetu iliweka lake kwake, pasipofagiwa. Katika kuwaka upya, namba 214 ikaangukia programu nyingine kabisa, ile inayosikiliza kipanya, katika mashine isiyokuwa na kipanya. Squid ikaanza, ikasoma faili, ikauliza kama 214 yu hai, ikajibiwa ndiyo, ikasema basi mimi nimeshaanza, ikaondoka. Mlinzi akaja baada yake, akauliza swali lilelile, akapata jibu lilelile, akaridhika. Wote wawili walidanganywa na karatasi moja ya marehemu.

Hilo lilirekebishika usiku uleule: faili lifutwe kila mashine inapowaka, na mlinzi aangalie jina pamoja na namba. Lakini lilinifungua macho kwa jambo kubwa zaidi. Programu iliyokufa ni tatizo jepesi. Taabu ni ile iliyo hai, namba ipo, jina lipo, na haifanyi kazi. Imeganda. Inangoja diski, inangoja kumbukumbu, inangoja jibu ambalo haliji. Kwa mlinzi anayehesabu vichwa, hiyo ni mzima wa afya.

Kariakoo ya usiku wakati ule ililindwa na wazee wenye makoti mazito ya mitumba, rungu na tochi. Mtaa wetu ulikuwa na utaratibu wake: kila saa mlinzi wa duka la kwanza aligonga nguzo ya taa kwa kipande cha nondo, wa pili akaitikia kwenye nguzo yake, wa tatu naye, mpaka mwisho wa mtaa. Mlio ukikosekana, jirani alikwenda na tochi. Hakuna aliyekwenda kuangalia kama mzee yupo kwenye kiti chake, maana hata aliyelala yupo kwenye kiti. Nikamweleza hivyo Mshihiri, naye akanielewa kuliko alivyonielewa siku zote. Mlinzi wetu naye alikuwa na nusu ya utaratibu huo tayari: mwisho kabisa wa skripti ya kijana wa Mlimani palikuwa na mistari iliyofungwa, yaani imeandikwa ila imezimwa, ya kuomba ukurasa mmoja wa ng'ambo kupitia Squid na kungoja sekunde 20. Nikaifungua.

Hapo ndipo tulipoingia Septemba ya 1999. Squid ilikuwa ikiganda mara kwa mara, hasa alasiri, na tulishaona kwamba kumbukumbu haitoshi. Nikamwambia Mshihiri anunue megabaiti 64. Nikaenda duka moja la Mtaa wa Jamhuri, kwa Mhindi mmoja mzee mwenye miwani ya kamba, ambaye alinipa bei, nikarudi kumwambia tajiri, tajiri akafikiri kwa juma zima kama ilivyokuwa kawaida yake. Niliporudi dukani bei imeruka karibu maradufu. Tarehe 21 mwezi ule tetemeko la ardhi lilikuwa limepiga Taiwan, viwanda vya chipu vikasimama kwa kukosa umeme, na dunia nzima ikakimbilia kununua. Mshihiri alinisikiliza mpaka mwisho. "Fundi," akasema, "Taiwan itetemeke, mimi wa Kariakoo nilipe?" Hakulipa. Kwa hiyo kilichobaki kati yetu na hasara kilikuwa yule mlinzi.

Na ndizo siku ambazo chumba hakikuwa na nafasi. Mwalimu Nyerere alikuwa amelazwa London, katika hospitali ya St Thomas', na mji mzima ulitaka kujua. Magazeti yalikuwa yakiisha saa tatu asubuhi. Walikuja wanafunzi, makarani wa Mnazi Mmoja, mzee mmoja mwenye fimbo na kofia ya kiua aliyelipa nusu saa kisha akamwomba kijana wa jirani amsomee. Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba, Rais Mkapa alipotangaza kifo cha Mwalimu redioni, sauti za mtaani zilishuka mpaka ukasikia feni, na baada ya saa moja ngazi zikajaa. Kila mwenye ndugu Muscat, Toronto, Leicester alitaka kuandika. Laini ikalemewa. Ukurasa wa kupimia ukawa haurudi ndani ya zile sekunde 20, na mlinzi, kwa utii, akawa anaiua Squid ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, akaiwasha, akangoja, akaiua tena. Kila alipoiua, kompyuta zote kumi zilikatwa. Mama mmoja wa Magomeni alikuwa amemwandikia mwanawe barua ndefu ya msiba, kwa kidole kimoja, muda mrefu. Alipobofya kutuma, ukurasa ukaja mtupu. Hakupiga kelele. Alimgeukia binti akasema, "Mwanangu, imekwenda wapi?" na binti akanigeukia mimi.

Nilimzima mlinzi mchana ule, tukaendesha kwa mkono. Usiku nikatenganisha magonjwa mawili. Squid nikawa naiuliza yenyewe, palepale ndani ya mashine, inieleze hali yake. Hilo halihitaji laini, na inayoshindwa kujibu swali la nyumbani kwake kweli imeganda. Laini nikaiachia pppd, ambayo ina desturi yake ya kumpigia hodi mwenzake wa upande wa pili kila baada ya sekunde kadhaa, na akikosa kuitikia mara kadhaa mfululizo, hukata simu na kupiga upya. Tangu hapo hakuna aliyeuawa kwa kosa la mwingine. Baadaye nilisoma kwamba hata chombo cha Marekani kilichotua Mars Julai 1997, Pathfinder, kilikuwa na mlinzi wa namna hii, akawa anakiwasha upya huko mbali kwa sababu kazi moja muhimu haikumalizika kwa wakati. Wale mafundi hawakumlaani mlinzi. Walichukua pacha wa chombo hicho aliyebaki duniani, wakamtesa mpaka akaonyesha ugonjwa uleule: kazi duni ilishika ufunguo uliokuwa ukingojwa na kazi kubwa, na kazi za katikati zikawa zinaipiga vikumbo ile duni isimalize. Wakatuma marekebisho angani. Sisi hatukuwa na pacha.

Tulikuwa na daftari. Skripti ya kijana wa Mlimani ilikuwa imeelekeza maneno yake yote kwenye shimo, isihifadhi hata mstari, kwa hiyo hakuna aliyejua Squid imefufuliwa mara ngapi tangu ameondoka, wala saa ngapi. Lakini wino mwekundu wa binti ulijua. Siku moja aliniletea madaftari yake mwenyewe, bila kuombwa, akasema, "Mjomba, tazama, ni saa kumi tu." Kurasa kwa kurasa, miezi ya nyuma, hela zilizorudishwa zilijikusanya kati ya saa tisa na saa kumi na moja, wanafunzi na makarani wanapotoka. Asubuhi karibu hakuna. Nikamfundisha mlinzi kuandika: kabla ya kuua, andika saa, andika Squid imekula kumbukumbu kiasi gani, andika iliyobaki. Baada ya siku chache picha ikawa wazi. Squid huweka kwenye kumbukumbu orodha ya kila nakala iliyo kwenye diski, na kanuni ya mafundi ni kama megabaiti 10 za kumbukumbu kwa kila gigabaiti 1 ya nakala. Yetu ilikuwa imeruhusiwa gigabaiti 3, katika mashine ya megabaiti 32 yenye watumishi wengine pia. Kadiri diski ilivyojaa, orodha ilinenepa. Alasiri watu wakizidi, kumbukumbu inaisha, mashine inaanza kutumia diski badala yake, na kila kitu kinaganda. Mlinzi anaiua, inaanza upya ikiwa nyembamba, inaisoma orodha kidogo kidogo, inanenepa tena. Kwa miezi mingi ufufuo ule ulikuwa umetupa nafuu ya saa chache chache na kutunyima sababu ya kutafuta.

Nikapunguza nakala mpaka megabaiti 500. Kugoma kwa alasiri kukaisha. Mshihiri akaniuliza dawa ilikuwa nini, nikamwambia kupunguza. "Na ile ya Taiwan?" Nikasema inaweza kungoja. Alinitazama muda, tasbihi imesimama, kisha akamwita muuza kahawa anipe kikombe na kashata. Katika miaka yote niliyomfanyia kazi, kumbukumbu yangu haina zawadi nyingine kutoka kwake.

Ukaja usiku wa 31 Desemba, ambao dunia iliuogopa, nasi tukaupita tumelala. Bei ya saa ikashuka mpaka 500, kila kona ikawa na chumba chake. Mgao wa 2006, maji yalipokauka Mtera na jenereta zikala mchana kutwa, ulitumaliza. Mshihiri aliuza kompyuta kwa bei ya vyuma. Mkonga wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009 pale juu palikuwa stoo ya viatu. Soko lenyewe likaungua Julai 2021, nawe unayajua yaliyofuata.

Na kazi ile ya chini ya meza leo ni yako. Juzi kwenye harusi ya dada yako ulinisimulia kwamba huduma unayoisimamia, inayopokea malipo ya simu ya maduka ya Mtaa wa Aggrey, ilifufuliwa usiku kucha na hakuna mteja aliyegundua, ukasema "systemd iko vizuri, mjomba," na kwa sababu ya ngoma sikuweza kukujibu. Iko vizuri kweli. Tangu ilipotoka mwaka 2010 imechukua kiti cha init, na inaweza kuidai huduma itume ishara yenyewe kila baada ya muda uliouweka, isipotuma iuawe na kuwashwa upya. Hayo ndiyo ya wazee wa nondo. Na kwa kawaida huduma ikianzishwa zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 10, inakataa kuendelea. Yako haikukataliwa, maana yake ilikuwa inakufa polepole, kwa nafasi, kama Squid ya alasiri. Sasa niambie: ilikufa yenyewe, au iliuawa kwa kukosa kuitikia? Kumbukumbu ilikuwa kiasi gani dakika moja kabla? Saa zake zinafuatana na nini, hesabu za kufunga maduka, nakala rudufu za usiku, au benki iliyo upande wa pili kuchelewa kujibu, kiasi kwamba mlinzi wako anaua asiye na kosa? Nitumie logi yote ya usiku ule, kuanzia magharibi, kabla mashine haijaifuta. Na usinitumie picha ya skrini, macho yangu hayaisomi.